Ng'ombe wangapi wana nagana? Inategemea umewatazama vipi

Nagana ni ugonjwa wa mifugo unaoletwa na vimelea vya damu, na huenezwa na nzi aitwaye mbung'o. Chukua zizi moja lenye ng'ombe 100, mahali penye mbung'o. Asubuhi anafika mtaalamu wa mifugo na hadubini yake, anatoboa mishipa ya masikioni, anaangalia damu ya kila mmoja na kuandika: ng'ombe 8 wana vimelea. Damu ileile inapelekwa maabara kupimwa vinasaba, majibu yanarudi: 25. Maabara nyingine inatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea, katika damu hiyohiyo, nayo inasema: 60.

Namba hizo nimezitunga ili tuelewane, lakini mpangilio wake ni ule unaojirudia kila penye utafiti wa ugonjwa huu: hadubini hutoa namba ndogo, vinasaba hutoa kubwa zaidi, kingamwili mara nyingi huzipita zote. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja amejibu swali lake, na maswali hayo hayafanani. Ndiyo maana ukisoma tafiti kuhusu nagana barani Afrika utakuta mahali inasemwa ni chini ya asilimia 1, kwingine zaidi ya nusu ya kundi, na msomaji anabaki kujiuliza amwamini nani. Namba hizi ndizo zinazoamua dawa inunuliwe kiasi gani, mitego iwekwe wapi na wilaya ipi isahaulike, kwa hiyo inafaa tujue zinatoka wapi.

Kwanza majina, kwa sababu yanachanganya. Neno nagana lilitoka kwa Wazulu, likiwa na maana ya kunyong'onyea, kuishiwa nguvu. Wafugaji wengi wa Tanzania husema tu ugonjwa wa ndorobo, kwa jina la nzi anayeuleta, ambaye pia ndiye mbung'o. Binadamu akiupata, tunauita malale. Sasa kuna ndigana, ambayo kwa sikio ni kama nagana, na nimesikia watu wakiyabadilishana majina haya mawili mbele ya duka la dawa za mifugo. Ni kosa la hatari. Ndigana kali na ndigana baridi huletwa na kupe, na dawa zake ni nyingine. Kupe mwenyewe akikomaa ana miguu minane, ni ndugu wa buibui. Mbung'o ana sita. Makala hii inamhusu mwenye sita.

Vimelea vyenyewe huitwa tripanosoma, na vinavyowasumbua ng'ombe zaidi ni aina tatu: Trypanosoma congolense, Trypanosoma vivax na Trypanosoma brucei. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliviona katika damu ya ng'ombe wagonjwa huko Ubombo, nchi ya Wazulu, na kuandika taarifa yake mwaka 1895. Wenyeji walikuwa wameshasema siku nyingi kwamba ugonjwa ule una uhusiano na wanyama wa porini, na hawakuwa mbali na ukweli: nyati, pongo, tandala na ngiri hubeba vimelea hivi bila kuonekana wagonjwa. Mwaka 1909 daktari Mjerumani, Friedrich Kleine, akiwa katika eneo ambalo leo ni Tanzania bara, alionyesha kwamba mbung'o habebi tu vimelea kama mtu anavyobeba tope kwenye kiatu. Vimelea huingia mwilini mwake, hukua na kubadilika kwa siku kadhaa au wiki kadhaa, ndipo anapoweza kumwambukiza mnyama mwingine.

Sasa tusogee karibu, tuone jinsi damu inavyotazamwa, kwa sababu sehemu kubwa ya utata imo humo.

Mtaalamu anachoma mshipa mdogo wa sikio na kugusisha mrija mwembamba wa kioo kwenye damu. Mrija unavuta wenyewe. Ukijaa, ndani yake mna kama sehemu 70 za elfu moja za mililita, yaani tone moja na ushee. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 300 ana damu ya lita 17 hivi. Kwa hiyo alichokiondoa mtaalamu ni sehemu moja kati ya 240,000 ya damu ya mnyama yule, na kwa hicho anatakiwa aseme ni mgonjwa au si mgonjwa.

Mrija unazibwa upande mmoja na kuwekwa kwenye mashine inayouzungusha mara 12,000 kwa dakika, kwa dakika 5 hivi. Ukitoka, damu imejipanga. Chini zimekaa chembe nyekundu, zimeshikamana kama udongo. Juu kuna utegili, majimaji ya manjano yaliyopauka. Katikati yake kuna utando mweupe mwembamba sana, upana wa ukucha uliokatwa. Hizo ni chembe nyeupe, na vimelea hujikusanya hapohapo kwa kuwa uzito wao unakaribiana. Mtaalamu anaukata mrija chini kidogo ya utando, anapuliza sehemu hiyo juu ya kioo, anafunika, anaweka chini ya hadubini. Njia hii ilielezwa na Max Murray na wenzake mwaka 1977 na bado ndiyo tegemeo la kazi nyingi za vijijini.

Mwenye mazoea huvitambua vimelea kwa mwendo wao. T. vivax hukatiza uwanja wa hadubini kwa kasi, anaingia upande huu na kutokea ule kabla hujamkazia macho. T. congolense ni mzito, hushikilia chembe nyekundu na kujitikisa taratibu. T. brucei hujinyonganyonga palepale alipo. Ukiviona, umepata jibu lisilo na shaka: ng'ombe huyu leo ana vimelea hai. Usipoviona, umejua kitu kidogo tu, kwamba havikuwemo kwenye tone lile, au vilikuwemo vichache mno. Kwa njia hii ya utando mweupe, vinahitajika vimelea mamia kadhaa katika kila mililita ili vionekane. Kwa tone bichi lililowekwa tu kwenye kioo bila kuzungushwa, vinahitajika maelfu.

Na vimelea hivi vina tabia ya kupungua. Kila kimoja kimevaa koti la protini lenye molekuli zipatazo milioni 10, zote za aina moja. Mwili wa ng'ombe hulijifunza koti hilo, hutengeneza kingamwili zake na kuvifyeka vimelea karibu vyote. Lakini katika wingi ule huwa vimo vichache vilivyokwisha kubadili koti, na kinga iliyotengenezwa haivitambui. Hivyo vichache ndivyo vinavyozaliana na kujaza damu upya, mpaka navyo vitambuliwe, na vingine viwe vimebadili tena. Akiba ya makoti ni kubwa kuliko maisha ya ng'ombe. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kukosekana kwa chanjo ya nagana mpaka leo, licha ya miongo mingi ya kujaribu. Na ndiyo sababu ng'ombe yuleyule anaweza kuonekana na vimelea tele wiki hii, na wiki ijayo akaonekana mzima, huku ugonjwa ukiwa unaendelea kumla. Joto lake hupanda na kushuka kwa kufuata mawimbi hayo.

Kipimo cha vinasaba, ambacho wengi walilizoea jina lake la PCR wakati wa korona, hutafuta chembechembe za urithi za kimelea, na huweza kugundua vichache kuliko jicho linavyoweza. Pia hutenganisha aina moja na nyingine kwa uhakika. Hata hivyo nacho huanza na tone, na kama tone halina kitu, mashine haiwezi kuumba. Kingamwili ni habari nyingine kabisa. Kipimo chake hakiulizi kama vimelea vimo. Kinauliza kama mwili umewahi kupambana navyo hivi karibuni, na kumbukumbu hiyo hubaki kwenye damu miezi kadhaa baada ya ng'ombe kutibiwa akapona. Ndama mchanga naye anaweza kuwa na kingamwili alizonyonya kwa mama, hajawahi hata kumwona mbung'o. Kwa hiyo namba ya 60 katika zizi letu la mfano haisemi ng'ombe 60 ni wagonjwa. Inasema 60 wamepita karibu na moto.

Hapo tumezungumzia vipimo tu. Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu husahaulika zaidi, nalo ni kwamba idadi ya wagonjwa waliomo zizini siku ya kupima si sawa na idadi ya wanaougua kwa mwaka. Fikiria kundi la wagonjwa kama boma lenye milango miwili. Mlango wa kuingilia ni maambukizi mapya. Mlango wa kutokea ni kupona, na pia ni kufa. Anayekuja kuhesabu siku moja anawakuta waliomo bomani tu. Hajui wanaingia wangapi, hajui wanatokaje.

Mfugaji anayewadunga ng'ombe wake dawa kila baada ya miezi miwili au mitatu ameufungua mlango wa kutokea wazi kabisa. Ukipima kundi lake kwa hadubini utapata asilimia 2 au sifuri, na ripoti itasema eneo hili halina shida kubwa. Shida ipo, inaonekana mfukoni mwake. Jirani yake asiyeweza kununua dawa, ambaye ng'ombe wake walioelemewa wamekwisha kufa, naye huonyesha namba ndogo, kwa sababu waliokufa hawapimwi. Kinyume chake, ng'ombe wa jamii ya N'Dama wa Afrika Magharibi, wafupi, wasio na nundu, wamekaa na mbung'o kwa maelfu ya miaka na miili yao huweza kuvidhibiti vimelea na kuzuia damu isipungue sana. Hawa wanaweza kukaa na maambukizi muda mrefu huku wakila, wakizaa na kukua. Ukikuta asilimia 20 kwa N'Dama na asilimia 20 kwa ng'ombe wenye nundu wa Afrika Mashariki, hujakuta hali moja. Kwa kundi la kwanza ni maisha ya kawaida, kwa la pili ni msiba unaokuja.

Hii ndiyo sababu wataalamu hawaachi kusoma kitu cha pili kwenye mrija uleule: urefu wa safu ya chembe nyekundu ukilinganishwa na damu yote. Ng'ombe mwenye afya huwa kati ya asilimia 24 na 46. Akishuka chini ya 24 ana upungufu wa damu, na upungufu wa damu ndio uso wa nagana: ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, tezi zinavimba, maziwa yanakauka, mimba zinaharibika. Minyoo na njaa pia hupunguza damu, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakimtaji mkosaji. Lakini ukiweka wastani wa damu wa kundi zima kando ya asilimia ya walioonekana na vimelea, picha huanza kuwa na maana. Mimi nikisoma utafiti wa nagana usiotaja kiwango cha damu, naona nimepewa nusu ya habari.

Na mbung'o mwenyewe? Watu hushangaa wakiambiwa kwamba mbung'o wengi hawana vimelea. Mara nyingi ni wachache tu katika kila 100, na kwa T. brucei hata mmoja kati ya 100 ni nadra kumpata. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mbung'o 3 katika 100 wanaweza kuambukiza, na ng'ombe anang'atwa mara 2 kwa siku. Kwa mwezi ni mara 60. Uwezekano wa kuumaliza mwezi huo bila kukutana hata na mmoja wa hao watatu ni kama mmoja kati ya sita. Si kila anapong'atwa na mbung'o mwenye vimelea ndipo anaugua, lakini hesabu inaonyesha kwa nini eneo lenye nzi wachache linaweza kuwa na ng'ombe wagonjwa wengi, na kwa nini msimu, kichaka cha kando ya mto au njia ya kwendea majini huweza kubadili namba ya kijiji kizima. T. vivax ana ujanja wa ziada: anaweza kubebwa moja kwa moja na pange na nzi wengine wanaonyonya damu, kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, hivyo hukutwa hata mahali ambapo mbung'o hayupo. Kwa njia hiyo amefika hadi Amerika Kusini.

Sasa hesabu za bara zima. Eneo lenye mbung'o hukadiriwa kuwa kilomita za mraba milioni 10, kama theluthi moja ya Afrika, katika nchi zaidi ya 30 za kusini mwa Sahara. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikitaja vifo vya ng'ombe vipatavyo milioni 3 kwa mwaka na dozi za dawa milioni 35 hivi. Ni makadirio ya jumla, yamezunguka tangu miaka ya 1990, na yachukuliwe hivyo. Nchini Kenya, baraza la serikali la kupambana na mbung'o hutaja kaunti 38 kati ya 47 kuwa zina nzi huyo. Kazi yenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya ramani ambazo FAO inazikusanya pamoja na nchi husika, zikionyesha kila mahali palipopimwa, lini, na kwa kipimo gani. Asilimia moja ya bara zima haimsaidii mtu.

Ramani hizo pia zinaonyesha kitu ambacho hakuna kipimo kitakachokipata: nafasi tupu. Kuna mabonde yenye nyasi na maji mwaka mzima, na hayana ng'ombe hata mmoja. Hayana kwa sababu walioingia walikufa na wenyewe wakaondoka. Kwa hesabu, maambukizi ya ng'ombe huko ni sifuri. Mahali pabaya kuliko pote panaandikwa safi.

Kuna jirani mwingine wa hesabu hii ambaye ni sisi wenyewe. Aina moja ya T. brucei iliyopo Afrika Mashariki na Kusini huingia kwa binadamu na kusababisha malale makali, na ng'ombe anaweza kuibeba bila dalili kubwa. Mwaka 1998 malale yalizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo hayakuwepo kabla, na uchunguzi uliyahusisha na ng'ombe waliopitia mnadani wakitoka maeneo yenye ugonjwa. Ng'ombe aliyeonekana mzima kwa macho, au hata kwa hadubini, alikuwa amesafiri na kitu.

Dawa zipo, lakini ni chache na za zamani. Mbili ndizo zinazotumika zaidi: diminazini, ambayo huponya, na isometamidiamu, ambayo huponya na kukinga kwa miezi michache. Zimetumika zaidi ya nusu karne, mara nyingi kwa kukadiria uzito kwa jicho na kuchanganya na maji mengi ili chupa moja iwatoshe ng'ombe wote. Namwelewa anayefanya hivyo, maana ng'ombe ni wengi na pesa ni ndogo. Lakini dozi pungufu huua vimelea dhaifu na kuviacha vigumu, na usugu umeripotiwa katika nchi nyingi. Njia moja ya kuutambua kijijini ni kuwapima tena waliotibiwa baada ya wiki mbili. Wengi wakiwa bado na vimelea, ujue dawa, au namna inavyotumika, ina walakini. Hapo namba ya kupima mara ya pili ina thamani kuliko ya kwanza.

Mahali ambapo hesabu ilishuka ikabaki chini ni Unguja. Kisiwa kilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, na bahari pande zote. Kwanza walipunguzwa kwa kuwapaka ng'ombe dawa ya kuua nzi na kuweka vitambaa vyenye sumu. Kisha, kuanzia mwaka 1994, madume yaliyokuzwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yalimwagwa kutoka kwenye ndege, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja maishani, na huzaa buu mmoja tu kila siku 9 au 10, si mamia ya mayai kama nzi wengine. Akikutana na dume tasa, habari yake imekwisha.

Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Ndege hazikusimama. Ziliendelea kumwaga madume tasa hadi Desemba 1997, zaidi ya mwaka mzima, juu ya msitu ambao mitego yake ilikuwa haileti tena mbung'o wa porini hata mmoja, kwa sababu waliosimamia kazi ile walijua kwamba kutomwona mbung'o mtegoni ni jambo moja na kutokuwepo kwake ni jingine. Huku chini waliendelea kuchukua damu ya ng'ombe, mrija baada ya mrija.